Mambo ya Nyumbani: Nyoka wa Ghala ya Chini

Mwalimu mmoja wa milimani, juu ya Morogoro, ametuandikia kutaka shauri. Nyumba yake imejengwa mtelemkoni kama zilivyo nyingi za Uluguru: upande wa juu kilima kimechimbwa ili kupata uwanja, na upande wa bondeni msingi umepandishwa hata ukapata kimo cha mtu. Hivyo chini ya sakafu pana chumba, nacho ndicho ghala yake ya mahindi, maharage na majembe. Tangu masika kuanza, nyoka ameonekana humo mara tatu, na wawili wameuawa. Mama wa nyumba hataki tena kushuka kuchukua mahindi peke yake. Zaidi ya hayo, jirani mmoja amesema mbele ya watu kwamba nyoka hao wametumwa, naye amemtaja kwa jina bibi mmoja mzee wa kijiji kile. Mwalimu anatuuliza kama iko dawa ya kuwafukuza nyoka, na amjibu nini jirani yake.

Habari ya dawa tutaijibu kwanza, kwa kuwa ni fupi. Hakuna. Watu humwaga mafuta ya taa, huchoma mipira ya magari, hutwanga kitunguu saumu, hunyunyiza unga wa kiberiti, au hununua dukani vile vidonge vyeupe vya kuzuia nondo katika nguo. Waliojaribu vitu hivi mbele ya nyoka wameona kwamba yeye hupita juu yake akaenda zake. Mafuta ya taa katika ghala huharibu chakula na huweza kuleta moto, na moshi wa mpira ni sumu kwa watoto walalao juu ya sakafu ile ile. Basi fedha ya dawa na iwekwe akiba, maana tutaihitaji kununua saruji.

Sasa tumtazame nyoka mwenyewe. Kwa maelezo ya mwalimu, alikuwa wa rangi ya kahawia, mwenye kung'aa kana kwamba amepakwa mafuta, urefu wake haukufika hatua moja kubwa, naye alionekana usiku. Kichwani alikuwa na mistari miwili ya rangi hafifu kila upande, mmoja ukitoka puani na kupita katika jicho. Hizi ndizo alama za nyoka wa nyumba, ajulikanaye karibu Afrika yote iliyo kusini ya jangwa la Sahara. Hana sumu. Humkamata panya kwa meno yake madogo, humzungushia mwili na kumbana hata afe, kisha humla. Akishikwa na mtu huuma kweli, lakini kidonda chake ni mikwaruzo tu, chataka maji na sabuni.

Wako wengine wasio na madhara waingiao nyumbani katika nchi hii. Yuko mdogo mweusi mweusi awindaye mijusi usiku. Yuko na yule mla mayai, ambaye karibu hana meno kabisa: hulimeza yai zima, hulivunja kooni kwa mifupa ya uti wa mgongo, hunywa ute na kiini, kisha hulitapika ganda lililokunjamana. Huyu maskini, akiogopa, hujikunja na kusugua magamba yake hata yakatoa sauti ya kutisha kama ya nyoka mwenye sumu, na kwa ujanja huo mara nyingi hujiletea fimbo badala ya kuiepuka.

Kwa nini basi nyoka wa nyumba ashuke katika ghala ya mwalimu, na msitu upo juu yake na mashamba chini yake? Anafuata panya. Wala tusidhani panya ni jambo dogo. Pale Morogoro, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kina wataalamu waliotumia miaka mingi kuchungua maisha ya panya wa mashamba, na katika maandiko yao hasara ya mahindi nchini kwa ajili ya panya imekadiriwa kuwa kati ya 5 na 15 katika kila 100 kwa mwaka. Panya jike wa mashamba huzaa watoto kumi na zaidi kwa mkupuo mmoja. Wataalamu hao wameona pia kwamba mvua za vuli zikinyesha kwa wingi, panya huanza kuzaa mapema, na mwaka ufuatao huwa wa panya wengi mno. Mwenye ghala asiyekumbuka neno hili hushangaa kuona nyoka wameongezeka, kumbe karamu iliandaliwa tangu mvua za mwaka uliopita.

Tena panya hali mahindi tu. Mwaka 1980 tauni ilizuka Lushoto, katika milima ya Usambara, ikawarudia watu wa huko kwa miaka zaidi ya ishirini. Nayo huletwa na viroboto vya panya. Mwezi wa Julai 2022 watu walishikwa na homa huko Lindi, wengine wakitoka damu puani, na 3 wakafa. Serikali ilipochungua ikatangaza kwamba ni homa ya mgunda, ambayo mtu huipata kwa mkojo wa wanyama, panya wakiwa miongoni mwao. Twayataja haya ili mama wa nyumba apime mwenyewe: katika ghala ile, ni nani mgeni wa kuogopwa zaidi, yule aonekanaye mara tatu katika masika nzima, au wale wapitao juu ya mahindi kila usiku bila kuonekana? Mwalimu amewaua nyoka wawili na panya wote wamebaki. Basi wa tatu amekuja, na akiuawa huyo, wa nne atakuja, maana chakula kipo na mlango u wazi.

Hapo ndipo tulipofika kwenye neno la jirani, nalo ni zito kuliko nyoka. Mwalimu hakutuambia bibi yule amefanyiwa nini tangu alipotajwa. Labda bado hajafanyiwa neno. Lakini sote twajua jinsi mambo haya yaendavyo katika nchi yetu: kwanza mtu hutajwa, kisha watoto hukatazwa kupita kwake, halafu huitwa mganga, naye mganga hawezi kula fedha ya watu bila kuwapa jina, na jina lenyewe amekwisha lisikia njiani. Wako vikongwe wa Tanzania waliouawa kwa sababu ya macho mekundu tu, yaliyotokana na moshi wa kuni wa miaka sitini.

Wakristo wanayo habari ya kukumbuka hapa. Mtume Paulo alipovunjikiwa na merikebu na kufika Malta, alikuwa akikusanya kuni, na nyoka akatoka kwa ajili ya moto akamshika mkononi. Watu wa kisiwa walipoona walikata hukumu mara moja kwamba mtu huyu ni muuaji na haki inamfuatia. Walipongoja na kuona havimbi wala haanguki, wakageuka wakasema yeye ni mungu. Walikosea mara mbili kwa siku moja, na mara zote mbili kosa lilikuwa lile lile: walimfanya nyoka kuwa barua, wakajidai kuisoma. Nyoka alitoka kwa sababu kuni zilipata moto. Na nyoka wa mwalimu aliingia kwa sababu ghala ina panya.

Basi amjibu nini jirani? Kubishana naye barazani hakufai, maana atajiona ameaibishwa na atashikilia zaidi. Shauri letu ni kwamba amwite mchana, ashuke naye ghalani na taa mkononi, amwonyeshe mavi ya panya juu ya magunia, amwonyeshe na tundu zilizo chini ya ukuta, kisha amwombe amsaidie kazi ya siku mbili tatu ya kuziba. Mtu aliyekanda saruji kwa mikono yake ili kuzuia nyoka hawezi kwa urahisi kuendelea kusema kwamba nyoka yule hupita kwa uchawi. Tena mwalimu na mkewe wamtembelee yule bibi hadharani, watu wakiona, wapeleke mahindi kidogo ya ghala ile ile. Wasingoje maneno yapoe yenyewe.

Na sasa kazi. Ianze nje ya nyumba. Kule nyuma, kilima kilipochimbwa, aghalabu udongo huporomoka kidogo kidogo kila masika hata ukaegemea ukuta, majani yakaota juu yake, na nyoka akapata daraja la kumfikisha dirishani. Udongo huo uondolewe, ipatikane njia ya kupita mtu kati ya ukuta na kilima, na mfereji uchimbwe ili maji ya mvua yasiingie chini ya msingi. Katika kuchimba, mwalimu anaweza kukutana na kitu kama nyungunyungu mkubwa, mwenye mwili wa pete pete, asiye na magamba. Huyo si nyoka, wala si nyungunyungu, bali ni ndugu wa vyura asiye na miguu, akaaye ardhini na kula mchwa na wadudu. Milima ya Uluguru ina aina zake za viumbe hawa. Moja ilielezwa mwaka 1928 na Thomas Barbour na Arthur Loveridge, ambaye miaka miwili kabla yake alikuwa amekusanya vyura na nyoka katika milima hiyo hiyo. Amwache aende zake, tena awaonyeshe wanafunzi kwanza.

Kuni zilizopangwa ukutani ziondolewe, ziwekwe juu ya mawe mbali na nyumba. Kadhalika rundo la matofali mabovu, magome ya migomba na mabati ya zamani, ambayo kila mtu huyaweka nyuma ya nyumba akisema yatafaa siku moja. Majani yakatwe yawe mafupi pande zote. Taa iwakayo usiku kucha juu ya mlango wa ghala izimwe, kwa kuwa wadudu huifuata taa, mijusi hufuata wadudu, na nyoka hufuata mijusi.

Kisha matundu. Hapa watu wengi huziba yale waonayo wakiwa wamesimama, na nyoka hapiti kwa kimo cha macho. Mwalimu apige magoti na kuuzunguka msingi wote. Ufa upitishao kidole humpitisha nyoka mdogo, na panya mdogo wa nyumbani hupita pale ipitapo kalamu ya risasi. Nyufa za mawe zizibwe kwa saruji na mchanga. Asiye na saruji atumie udongo wa kichuguu uliokandwa vizuri, ila ajue ya kuwa panya huutoboa, na itampasa kuurudia kila mwaka, na kushindilia vipande vya mawe ndani ya tundu kabla ya kupaka. Madirisha ya hewa yasizibwe kabisa, la sivyo mahindi yataota ukungu, na mahindi yenye ukungu ni hatari kuliko nyoka yeyote tuliyemtaja; yatiwe wavu wa waya wenye matundu madogo, uliopigiliwa imara pande zote nne. Mlango wa ghala ndio njia kuu. Chini yake mara nyingi pana mwanya wa vidole viwili. Ipigiliwe chini ya ubao kipande cha mpira wa gurudumu kuukuu, kiguse sakafu, na kwa upande wa panya kiongezwe ukanda wa bati, maana panya hutafuna mpira.

Lakini hayo ya kuziba yasimalizwe yote siku moja wakati nyoka angali ndani, maana atafungiwa humo, naye atapanda juu kutafuta njia, atokee chumbani mwa watoto. Liachwe tundu moja la mwisho upande wa bondeni. Mbele yake inyunyizwe jivu laini, upana wa mkeka. Jioni litengenezwe vizuri, na asubuhi litazamwe: nyoka akipita huacha mfuo, na mtu ataona kama umeelekea nje. Mfuo ukionekana kutoka, na siku kadhaa zikipita bila alama mpya, tundu lizibwe mchana wa jua. Iko njia nyingine ya kumpata aliyejificha. Magunia makuukuu yaliyoloweshwa kidogo yakunjwe na kuwekwa pembeni mwa ghala. Nyoka hupenda mahali pa giza penye unyevu, ataingia chini yake, na hapo aweza kuonekana yuko wapi pasipo kupekua ghala nzima kwa mkono.

Chakula chenyewe kiwekwe juu. Magunia yasikae sakafuni wala yasiegemee ukuta, bali yakae juu ya uchaga, na kila mguu wa uchaga uvishwe bati lililokunjwa mfano wa faneli iliyofunikwa, juu kiasi cha kiuno cha mtu au zaidi, ili panya apandaye akwame chini yake. Ni hodari wa kuruka, basi uchaga usiwe karibu na ukuta wala ngazi. Aliye na pipa la chuma lenye kifuniko amepona. Punje zilizomwagika zifagiwe kila wanapochukua mahindi, kazi ambayo watoto waweza kupewa. Mitego ni mizuri. Sumu ya panya hatuipendi katika ghala ya chakula, kwa sababu ya watoto, na kwa sababu paka alaye panya mwenye sumu hufa naye, na nyoka vivyo hivyo, kisha panya waliosalia huzaliana pasipo adui hata mmoja.

Wasomaji wengine watasema kwamba twawazoesha watu kucheza na nyoka. Hasha. Katika nchi ya Morogoro wako swila, wako kifutu, yuko na koboko, na swila huingia nyumbani kwa ajili ya panya wale wale. Wako hata watemao mate ya sumu machoni. Na yuko mmoja mdogo, mweusi, wa kukaa ardhini, ambaye kwa sura hafanani na nyoka wa hatari hata kidogo. Lakini meno yake ya sumu hutokeza ubavuni mwa mdomo hata umefungwa, wala hakuna namna ya kumshika shingoni asiume. Huyo amewadanganya watu wenye elimu. Kwa hiyo nyoka asiyejulikana kwa hakika asishikwe kabisa, hai wala aliyedhaniwa kuwa amekufa. Mlango uachwe wazi, watu warudi nyuma, watoto na mbwa waondolewe, naye apewe nafasi ya kutoka. Wala mtu asitegemee alama ya mboni ya jicho, kwamba mboni ya mviringo ni ya nyoka mwema: swila na koboko wana mboni za mviringo, na yule wa nyumba asiye na sumu mboni yake imesimama wima. Anayeshuka ghalani usiku avae viatu na kushika taa, na mkono usitangulie mahali ambapo jicho halijafika.

Mtu akiumwa na nyoka asiyemjua, alazwe na kutulizwa, pete na bangili zivuliwe, kiungo kilichoumwa kisitikisike, apelekwe hospitali kwa chombo upesi iwezekanavyo. Asichanjwe, asifungwe kamba ya kukaza, jeraha lisinyonywe, wala jiwe la nyoka lisibandikwe. Mate ya swila yakiingia machoni, yaoshwe kwa maji safi mengi kwa muda mrefu, kisha aende hospitali. Shirika la Afya la Ulimwengu lilihesabu kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka kwa kuumwa na nyoka, na wengi wao ni wakulima walioko mbali na hospitali. Saa zinazopotea kwa mganga ni saa za uhai.

Limebaki swali moja la mwalimu, juu ya mayai kumi na mawili aliyoyakuta chini ya gunia bovu, meupe, yenye ganda laini kama ngozi. Nyoka wa nyumba hutaga mayai ya namna hiyo, nayo huanguliwa baada ya miezi miwili hadi mitatu. Lakini swila hutaga meupe vilevile, na kwa jicho hayapambanuliki, na mtoto wa swila ana sumu tangu siku anayotoka yaini. Basi yasiachwe ndani. Yachotwe kwa koleo pamoja na udongo wake, yasiguswe kwa mkono, yapelekwe mbali na njia za watu, kando ya msitu, yafunikwe kwa majani yaliyooza. Kisha mahali yalipokuwa pafukuliwe kidogo na kuchunguzwa, maana palipotagwa mayai kumi na mawili pana joto na unyevu, na mara nyingi pana ufa upelekao nje ambao bado haujaonekana.